Kipande cha Kunzaiti

Machi 3, Jumapili

Nimenunua daftari hili leo ili siku nikifa wajukuu wasidanganywe kuhusu mimi. Mke wangu anasema wajukuu wenyewe hatuna. Nimemjibu kwamba daftari litawasubiri.

Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga. Walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Mwalimu mkuu alilia, nakumbuka, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. Mke wangu amesoma mstari huo begani kwangu akauliza kama si yule mwalimu aliyenifukuza kwa kumuuzia mwenzangu kioo cha chupa nikimwambia ni zumaridi. Kuanzia kesho naandika mlango ukiwa umefungwa.

Mvua haijaanza. Mawingu yamejaa tu, kama watu waliokuja kudai na hawataki kubisha hodi.

Machi 5

Kazi yangu ni kukata vito, mwaka wa ishirini na sita huu. Karakana iko ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari: madirisha mawili, mashine tatu, birika moja. Nimewahi kukata jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi kwa ajili ya mke wa mfalme wa mbali ambaye jina lake niliapishwa nisilitaje. Wenzangu wananiita Profesa. Wanafikiri wananitania.

Anayekaa mkabala nami ni msugua vito tunayemwita Kimya. Mtu huyu anaweza kumaliza Jumatatu mpaka Ijumaa kwa maneno manane, na matano kati ya hayo ni salamu.

Leo bosi ameleta kunzaiti ndefu kama kidole changu cha kati. Ni jiwe lenye kiburi. Ukilitazama ubavuni karibu halina rangi, ni maji yaliyosuuza nguo nyekundu. Ukilitazama kutoka nchani, kwa urefu wake, rangi inakuja yote: waridi iliyoingia zambarau. Fundi asiyejua hilo ataweka uso wa juu upande usio wake, na mteja atapelekewa kipande cha dirisha. Tena lina njia mbili za kupasukia kama kuni kavu. Likipata joto kidogo kwenye sahani ya kusagia, linaachana hapo hapo na huna la kumwambia mtu. Tena jua halilipendi. Likikaa dirishani miezi michache linapauka mpaka unasahau lilikuwa na rangi gani.

Bosi amenikabidhi mimi. Angemkabidhi nani?

Machi 8

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu, na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka ishirini na saba. Anashona magauni ya harusi na kutia shanga kwa mkono, moja moja. Miaka minne iliyopita akili yake ilipanda. Alikaa siku tisa bila kulala, akagawa vitu vyake vyote, tukampata kituo cha mabasi akiwaaga watu asiowajua. Hospitali ilimshika mwezi na nusu. Tangu hapo anameza vidonge vyeupe asubuhi na jioni, na kila baada ya miezi mitatu anatolewa damu ipimwe kama dawa imetosha au imezidi. Daktari wa wakati ule alituambia jambo moja ambalo mke wangu hulirudia: akipanda tena, kushuka kutakuwa kugumu zaidi, na huenda asishuke akiwa yule yule.

Vidonge vimemtuliza. Lakini vinamtia kiu, na vinamtetemesha mikono. Leo bakuli la shanga limemponyoka. Tulizisaka pamoja chini ya kabati, mimi na magoti yangu, nikamsimulia nilivyookota almasi mia tatu kwenye sakafu ya ndege iliyokuwa inayumba. Alicheka. Kisha akatazama vidole vyake akasema, "Mjomba, bibi harusi ameniuliza kama ninakunywa pombe."

Nikarudi chini ya kabati kutafuta shanga.

Machi 12

Mvua imeanza.

Machi 14

Siku kubwa. Amekuja mtaalamu wa madini, mama mmoja tunayemwita Mama Hadubini kwa sababu hatoki bila hadubini yake ndogo. Amelipima lile jiwe, akalimulika kwa taa yake ya zambarau likawaka rangi ya chungwa, na alipozima taa likabaki likiwaka lenyewe kidogo, kama mtu anayemalizia kucheka. Nikasema nilikuwa nalijua hilo. Sikuwa nalijua.

Akaanza kusomesha. Ndani ya jiwe hili mna lithiamu, madini mepesi kuliko yote, ukiyatia kwenye mafuta ya taa yanaelea. Ndiyo yamo kwenye betri za simu. Ndiyo yanatiwa kwenye vioo na vyungu vya kisasa ili visipasuke kwa moto. Na hospitali, akasema, huitumia lithiamu kutuliza ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka.

Hapo nikasimama. Nikamwomba ataje tena jina. Akalitaja. Ni lile lililoandikwa kwenye boksi la vidonge vya mpwa wangu, nimeliona kila asubuhi miaka minne. Mama Hadubini aliendelea kusema mambo ya tanuru na tindikali, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka na mwavuli uko mkononi. Nilifika nyumbani nimelowa upande mmoja.

Mezani nikawaambia. Miaka minne tunapanga foleni hospitali, kumbe dawa naikata mimi kwa mikono yangu. Mke wangu aliniambia nitafune chakula. Mpwa wangu aliweka kijiko chini.

"Ile ile, Mjomba?"

"Ile ile. Tena hii haijachakachuliwa na kiwanda chochote."

Machi 18

Bosi amenipa kipande kilichobaki nilipoukata ubavu wa lile jiwe, saizi ya harage. Nimekisugua, nikakifunga waya wa fedha, nikakitia kamba. Mpwa wangu alikivaa hapo hapo, akaenda kwenye kioo, akarudi kwenye kioo.

Nikamwelekeza: mchana likae kifuani ligusane na ngozi, usiku lilowekwe kwenye glasi, asubuhi anywe yale maji. Hilo la kuloweka nililitunga palepale. Niliona limekaa vizuri, nikaongeza kwamba iwe kwa siku saba bila kuruka.

Aliuliza, na mikono? Nikamwambia vidonge vinatetemesha kwa sababu ya viungo vya kiwandani, jiwe halina viungo. Niseme ukweli hapa: sikumwambia aache vidonge. Nataka hilo liandikwe. Nilisema tu kwamba mwenye kisima uani hana haja ya kununua maji ya chupa.

Machi 21

Mvua kutwa. Nimemsimulia bosi na wateja wawili habari ya dawa yangu. Mmoja ameandika jina langu kwenye karatasi. Kimya akazima mashine yake, kitu asichokifanya kabla ya saa saba, akaniuliza, "Vidonge bado anameza?"

Nikamwambia katika familia yetu watu wazima hawahesabiwi vidonge. Akawasha mashine.

Machi 27

Mikono imetulia.

Nilimkuta kibarazani ameshika sindano wima mbele ya uso, kama mshumaa, haitikisiki. Akanitaka nihesabu mpaka mia. Nikahesabu. Sindano iko pale pale. Mpwa wangu alikuwa na machozi, na mimi, ambaye sijalia tangu kuzikwa kwa dada yangu, nilikuwa na kitu machoni, labda vumbi la karakana.

Kama dada angekuwepo angeona mdogo wake si mtu wa mdomo tu.

Machi 30

Paa la jikoni linavuja. Ndoo mbili.

Aprili 2

Gauni la wiki mbili amelimaliza kwa siku tatu. Anaimba. Anazungumza na kila anayepita. Ameniambia mimi ni mtu mkubwa kuliko ninavyojua, na ni vigumu kubishana na mtu anayesema hivyo. Wanawake watatu wa mtaani wameniomba vipande. Mke wangu anasema cherehani hainyamazi mpaka alfajiri. Nimemjibu kwamba hii ndiyo inaitwa kazi. Mbona binti akilala yeye analalamika, binti akiamka analalamika.

Aprili 4

Jioni mke wangu aliweka boksi la vidonge mbele yangu, palipokuwa pawekwe sahani. Lilikuwa limejaa. Karatasi zote za vidonge zimo, hata kimoja hakijatobolewa.

"Umemwambia nini mtoto wa dada yako?"

Nilisema huenda ni boksi jipya. Akageuza upande wenye tarehe, akaondoka.

Basi nikaenda kuzungumza na mpwa wangu kama mtu mzima. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Alizungumza yeye. Ana mpango wa duka la magauni la ghorofa nne, ana mpango wa kuwashonea wagonjwa wote wa hospitali ile, amegundua kwamba mvua inafuata mdundo wa cherehani yake. Alikuwa anaruka kutoka jambo hadi jambo na mimi nafungua mdomo na kufunga. Miaka hamsini na mbili sijawahi kukosa nafasi ya kusema. Nilitoka pale nimembusu kichwa na kumwambia ajaribu kulala.

Labda ni furaha tu. Mtu aliyepata mikono yake tena, afurahije?

Aprili 6

Sijazungumza naye. Kazi nyingi.

Aprili 8

Amekata mapazia yote ya sebuleni na shuka zetu, ameshona vinguo vidogo kumi na moja vya watoto. Amevipanga kitandani kwetu kwa ukubwa. Tulimuuliza vya nani, akatutazama kama sisi ndio wagonjwa. Mke wangu amesema kesho tunampeleka hospitali, nitake nisitake. Nikasema tusubiri mvua ipungue, barabara ni tope. Nimesema hivyo kweli. Naandika kama nilivyosema.

Aprili 10

Naandika ya jana, jana sikuweza.

Saa nne asubuhi bosi aliniita kwenye simu ya karakana. Ni mke wangu. Alisema binti ametoka, viatu ameviacha. Nilishuka ngazi bila mwavuli. Kimya akanifuata, hakuna aliyemwambia.

Tulimwona kabla ya kumtafuta. Mwisho wa mtaa wetu kuna jengo ambalo halijamalizika, ghorofa tatu za zege tupu, vyuma vimesimama juu kama nywele zilizoshtuka. Alikuwa ghorofa ya juu kabisa, ukingoni, na gauni la bibi harusi wa watu. Mvua imelibandika mwilini. Watu wamesimama chini na mifuko ya nailoni vichwani. Alikuwa anawahutubia. Aliwaambia watupe vidonge vyao, kila ugonjwa una jiwe lake ardhini, mjomba wake amelipata la kwanza na yatafuata mengine. Akalishika lile harage kifuani, akalinyanyua, ingawa siku ile hapakuwa na mwanga wa kuling'arisha. Kisha akasema amekuwa mwepesi. Alisema madini mepesi kuliko yote yamo kwenye damu yake, na kwamba akiachia atakaa hewani.

Maneno yale yalikuwa yangu. Mepesi kuliko yote. Nilimletea mimi mezani, tunakula wali na maharage.

Watu waliponitambua wakanipisha. Mmoja akasema, "Profesa, zungumza naye, wewe ndiye anayemtaja." Mimi ambaye nimewasimulia watu hamsini nilivyopanda mlima wenye barafu nikiwa nimembeba mzungu mgonjwa, nilifika ngazi ya pili ya ile ngazi ya miti ya mafundi na sikupanda ya tatu. Hapana reli, hapana ukuta, mti umelowa. Nilibaki hapo nimeukumbatia. Nikapaza sauti. Nikaanza kumsimulia. Mungu anisamehe, nilianza hadithi ya ndege na almasi, nikidhani atacheka ashuke. Alinitazama kutoka juu kwa upendo mkubwa, akasogea ukingoni ili anisikie vizuri.

Kimya akanishika kisigino. "Usimwite tena," akasema.

Mke wangu akanipita. Sikumwona alivyofika. Alikuwa na kanga ya jikoni, viatu mkononi, akanisukuma kwa bega, akapanda. Ana presha mke wangu. Ngazi moja ya nyumbani hupumzika katikati. Nilikuwa nahesabu miguu yake. Kimya alikuwa chini ya ngazi ameishika kwa mikono yote miwili, mvua inamwingia machoni na hapangusi.

Alipofika juu hakumsogelea. Alikaa chini kwenye zege, mbali na ukingo, akanyoosha miguu, akawa anahema tu. Mpwa wangu akageuka kumtazama. Kisha nikamsikia mke wangu, sauti ya kawaida kabisa, kama yuko uani:

"Nimechoka kupanda, mwanangu. Nisaidie kushuka."

Akamsaidia. Walishuka kinyumenyume, ngazi moja moja, mpwa wangu ametangulia chini akimwekea mke wangu mguu mahali pake, akimwambia hapa, sasa hapa. Mimi nilikuwa nimesimama nao wakanipita.

Aprili 10, jioni

Sikumaliza. Kuna jambo la hospitali.

Daktari ni kijana, ndevu zake hazijaamua. Mpwa wangu alikuwa ameshadungwa sindano, amelala. Mke wangu alikuwa anapimwa presha chumba kingine. Daktari akaniuliza, "Mzee, dawa alikuwa anameza?"

Nikasema, "Kila siku. Mbele ya macho yangu."

Yaani lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Nikaliona limetoka, nikaona sura ya daktari imetulia kwa kupata jibu, na badala ya kulirudisha nikaongeza: asubuhi saa moja, jioni saa moja, hata dakika hatukosei.

Akaandika. Akasema basi lithiamu imemshindwa, itabidi aiache na atafutiwe dawa nyingine. Damu imechukuliwa, lakini kipimo kile kinafanyika mji wa pili, na daraja limefunikwa na maji, majibu hayatafika haraka.

Nikasema sawa.

Aprili 11

Mvua. Sikwenda kazini. Nilikwenda kwa Mama Hadubini ofisini kwake. Nilimuuliza jiwe likilowekwa kwenye maji usiku kucha, ni kiasi gani kinatoka. Nilisema ni rafiki yangu anauliza.

Akasema hakitoki kitu. Lithiamu imefungwa ndani ya jiwe pamoja na vitu vingine, maji hayaifungui hata mwaka mzima. Kiwandani jiwe la jamii hiyo huokwa kwenye tanuru, joto la kupita digrii elfu moja, kisha linasagwa, linapikwa na tindikali, linasafishwa tena na tena, ndipo inapatikana ile chumvi ya hospitali. Nayo hupimwa kwa uangalifu kwa sababu ikizidi kidogo ni sumu. Aliyekunywa maji ya jiwe amekunywa maji.

"Nilikueleza siku ile," akasema. "Ulikuwa mlangoni."

Aprili 12

Nimemwona. Dawa mpya imemkaza shingo. Anatembea kama anabeba ndoo kichwani, mate yanamtoka pembeni. Aliniambia kitu mara mbili na sikukielewa.

Mikono haitetemeki. Imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Aprili 13

Mke wangu hasemi nami. Ananiwekea chakula.

Aprili 14

Daraja bado. Sikulala.

Aprili 15

Nilifika hospitali saa moja asubuhi, kabla ya daktari, nikakaa kwenye benchi la mbao pamoja na watu wengine wenye bahasha. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa na namna tatu za kulisema jambo, moja ikiwa na karani wa duka la dawa aliyetuuzia vidonge bandia, na kwa kweli ilikuwa nzuri, ingemwingia mtu yeyote. Kila mlango ulipofunguka niliirudia ile kimoyomoyo.

Mlango ulipofunguka mara ya tatu alitolewa mpwa wangu, anapelekwa kuoga, muuguzi amemshika kiwiko. Alinipita. Hakunijua, au alinijua na shingo haikugeuka.

Daktari alipoketi nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Hakumeza. Hajameza tangu Machi kumi na nane. Mimi ndiye niliyemwambia jiwe linatosha. Siku ile nilikudanganya."

Nilingoja anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, nilikuwa nataka. Aliuliza tarehe tena, nikaitaja. Akavuta faili, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine. Akasema basi dawa haijamshindwa, ile iliyomshika miaka minne itarudishwa taratibu na hii ya sasa itapunguzwa. Aliniuliza kama kuna jingine. Nikasema hapana. Akasema asante, mzee, akaita mtu anayefuata.

Jambo lenyewe lilikwisha upesi hivyo. Siku sita mtoto wa dada yangu ametokwa mate kwa sababu ya maneno yaliyohitaji muda wa kunywa maji ya glasi moja.

Nilimwambia mke wangu jioni. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nataka kuona kama utasema." Akaendelea kuchambua.

Aprili 19

Majibu ya damu yamefika. Ndani ya damu yake hamna lithiamu, hata chembe.

Aprili 22

Nimerudi karakana. Kunzaiti bado imegandishwa kwenye kijiti cha kuishikia, nusu imekatwa, na bosi anaihitaji. Nimeiweka kwenye sahani ya kusagia nikaona vidole vyangu havina uhakika. Jiwe hili halisubiri mtu mwenye mawazo. Nikalitoa nikampelekea Kimya. Akalitazama kutoka nchani, akarekebisha upande kidogo. Mimi nilikuwa nimeliweka limepinda kiasi cha unywele na sikuona.

Akiwa ameliinamia akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kaka yake alikuwa na ugonjwa ule. Sikuuliza yuko wapi. Alisema "alikuwa". Mwaka wa kumi na nne tunakaa mkabala, na mimi ndiye niliyeijaza miaka yote kwa maneno yangu.

Aprili 30

Mvua.

Mei 9

Ametoka. Amekonda. Mikono imeanza kutetemeka tena, na mke wangu alipoiona inatetemeka akaiinamia akaibusu. Glasi ya maji imerudi mezani.

Bibi harusi aliolewa kwa gauni la kuazima. Mama yake amekuja kuchukua kitambaa kilichobaki, hakukaa.

Mei 13

Mchana mpwa wangu alikuja kibarazani, akakaa. Alisema kila mtu anamwambia jambo tofauti. Muuguzi alisema alikuwa anaumwa kidogo. Mke wangu anasema yamepita. Jirani amemwambia alikuwa anahubiri vizuri sana. Yeye anakumbuka mvua, na anakumbuka baridi ya zege miguuni, basi.

"Nisimulie, Mjomba. Wewe unajua kusimulia."

Alikuwa ameketi vile alivyokuwa akiketi mtoto, magoti pamoja. Ningeweza kumpa siku nzuri. Ningeweza kumpa uzi wa dhahabu na watu wanaolia. Nilimwambia saa nne. Nilimwambia viatu, gauni, ghorofa. Nilimwambia alivyosema ni mwepesi na maneno yalitoka kwa nani. Nilimwambia nilishindwa ngazi ya pili. Nilimwambia nilivyomwita akasogea ukingoni. Nilimwambia ya daktari. Haikuchukua muda mrefu. Nilipomaliza nilikuwa sina kitu kingine chochote cha kusema, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Kisha akasema, "Nilikuamini kwa sababu nilitaka mikono yangu." Baadaye tena akasema, "Lakini wewe ulikuwa hujui, Mjomba. Ulisema kama unajua."

Akanyanyuka kwenda kumeza kidonge cha saa saba, siku hizi anagawiwa mara tatu. Nilisikia glasi inagonga meno.

Mei 20

Shangazi yake, dada wa baba yake, amekuja na gari la kukodi. Wamekubaliana na mke wangu kwamba akae huko. Hakuna aliyesema ni kwa ajili yangu. Shangazi alisema tu kule kuna hospitali karibu. Nilibeba cherehani mpaka garini, nikaifunga kwa kamba. Kamba ilikuwa imelowa. Nikasema niliwahi kufunga mzigo wa tani mbili kwa... nikaacha. Wote walikuwa wananisubiri nimalize. Nikafunga fundo.

Alinipa mkono. Mkono wa kawaida, wa kumpa mtu mzima.

Mei 27

Mvua ya mwisho mwisho. Kimya amemaliza kunzaiti. Ukiinamia, rangi inatoka chini kabisa kama kitu kinachopumua. Mteja amekuja kuichukua, bosi akamwambia Profesa atakueleza habari zake, jiandae, leta na kiti.

Nikamwambia: rangi iko hapa juu, ubavuni hakuna. Usiliangushe, lina njia mbili za kupasukia. Uvae jioni, jua linalipausha. Ndani mna lithiamu lakini haitoki, kwa hiyo haliponyi kitu.

Bosi alinitazama. Mteja akasema, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Juni 14

Jua limetoka siku nne mfululizo. Mke wangu ameanika magodoro.

Mpwa wangu amepiga simu. Kama kawaida, kwa simu ya mke wangu. Walizungumza sana, habari za shangazi, habari za kupika, kwamba anashona sare za shule sasa, mishono iliyonyooka, hakuna shanga. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikijifanya natafuta miwani. Mwishoni mke wangu akasema, "Yupo hapa." Akasikiliza. Akasema, "Haya, nitamwambia." Simu ikakatwa.

Nikangoja. Akakunja shuka moja, akakunja ya pili.

"Amepimwa damu jana," akasema. "Lithiamu imefika sifuri nukta saba. Daktari anasema ndipo panapotakiwa. Amesema uambiwe hivyo hivyo."

Sifuri nukta saba.